Saa za Mlima

(Haya nilizungumza Jumamosi moja mbele ya madereva wa bodaboda hapa Dodoma. Niliongea bila karatasi, nimeyaandika baadaye. Utani uliozidi nimeuondoa, mwingine nimeuacha.)

Mbukwenyi! (Salamu ya Kigogo.)

Mmeitikia vizuri, ingawa pale nyuma kuna watu wameitikia kama wameshuka jana kutoka Dar. (Kicheko.) Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Mheshimiwa mwenyekiti, mama zangu mliotupikia chai, wadogo zangu mlioacha vijiwe siku ya Jumamosi ambayo abiria wapo, nawashukuru. Najua hapa mlipokaa hesabu ya bosi inawasubiri palepale, haijui kama kuna mkutano.

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa usalama barabarani. Amenipandisha cheo. Mimi ni fundi pikipiki, gereji yangu iko Chang'ombe, na kabla ya ufundi nilikaa kijiweni miaka miwili na Boxer ya mkataba. Baadaye nikapata udhamini wa kwenda kusoma India, mji wa Chandigarh. Huko ndiko nilikofanya jambo ambalo mama yangu hapendi kulisikia hadi leo: mwezi wa saba mwaka 2018 nilikodi pikipiki, nikapanda nayo milima ya Himalaya kutoka Manali mpaka Leh.

Waliponiita hapa waliniambia niwape moyo vijana, nizungumzie ujasiri. Sina la kusema kuhusu ujasiri. Ujasiri mnao, tena mwingine umezidi; nawaona pale taa za Makole. Nitazungumzia saa. Ndiyo, hii ya mkononi.

Kwanza mpate picha ya njia yenyewe. Manali mpaka Leh kwa barabara ile ya wakati huo ni karibu kilomita 480. Kwetu kilomita 480 ni kitu gani? Kutoka hapa hadi Dar ni kama 450, mtu anaondoka alfajiri, mchana anakula wali Kariakoo. Mimi na rafiki yangu tulitumia siku nne, na watu wakatuambia tumekwenda vizuri. Unavuka milima mitano. Rohtang, karibu mita 3,980. Baralacha, mita 4,890. Nakee, Lachulung, na mwisho Tanglang, mita 5,328. Sasa hapa tulipokaa ni kama mita 1,120, na kilele cha Uhuru pale Kilimanjaro ni 5,895. Kwa hiyo pale Tanglang umebakiza mita kama 570 uwe sawa na Kibo, na hapo hapo linakuja lori la mafuta linakupigia honi umpishe.

Kilimanjaro watu wanapanda kwa siku tano, sita, na wapagazi, na picha. Huku kuna mtu anapeleka vitunguu.

Pikipiki tuliyokodi ni Royal Enfield Bullet 350. Uzito wake unapita kilo 180. Boxer yako hata ukiiwekea bampa, mkeka na spika haifiki huko. Nilidhani nitaiona nyepesi kwa sababu nimebeba mshikaki wa watu watatu na gunia la mahindi kutoka Hombolo. Pikipiki nzito kwenye lami ni mfalme, lakini ikilala kwenye mawe ya mto, ukiwa peke yako, huiinui. Nitafika huko.

Kitu cha kwanza kilichonisumbua ni pumzi. Juu kule hewa ni nyepesi. Pale Tanglang mgandamizo wake unakaribia nusu ya ule wa pwani. Mafundi wenzangu hapa wataelewa haraka: Bullet ile ilikuwa ya kabureta. Kabureta imepimwa kwa hewa ya chini, ukifika juu inamwaga petroli ileile kwa hewa pungufu. Plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, eksozi inatoa moshi, na pikipiki inapanda kama ng'ombe mgonjwa. Wengine huchomoa chujio la hewa ili injini ivute. Msifanye hivyo. Vumbi la mlima ni msasa, litakula silinda kabla hujafika. Unapunguza petroli kwenye kabureta, unabeba plagi ya akiba, unakubali kwenda gia ya kwanza na ya pili. Basi.

Na mwendeshaji naye ana kabureta yake. (Kicheko.) Rafiki yangu, Mpunjabi niliyesoma naye, mrefu, mcheza kabadi, ule mchezo wa Kihindi wa kukamatana, pale Sarchu kwenye mita kama 4,300 aliumwa kichwa, akatapika, akalala na viatu. Mimi mwembamba wa Dodoma nikala wali dengu. Haina uhusiano na misuli. Wanaoijua milima wana sheria: ukianza kuumwa usipande zaidi, ukizidiwa shuka, na usimwachie mgonjwa aamue mwenyewe kwa sababu kichwa chake ndicho kinachoumwa.

Kuhusu mafuta sitasema mengi. Pale Tandi palikuwa na sheli, na kando yake kibao kinachosema sheli inayofuata iko kilomita 365 mbele. Tangi letu lita 13 na nusu. Kila mtu akafunga dumu la lita tano. Nimewahi kuona dereva wa hapa anaweka mafuta ya elfu mbili kwenda Chamwino na kurudi, anasikiliza tangi kama daktari. Huyo Tandi angekaa chini alie.

Sasa tufike kwenye korongo. Hapa nitakaa.

Nyinyi korongo mnalijua kuliko mimi. Miezi mingi ni mchanga, watoto wanacheza mpira ndani yake, akina mama wanafukua humo maji ya kunywa. Halafu siku moja jua linawaka ulipo, huko juu imenyesha, na maji yanakuja mekundu yamebeba magogo na mbuzi wa mtu. Mwanzoni mwa 2010 maji ya namna hiyo yaliikata reli ya kati pale kati ya Kilosa na Gulwe, wazee mnakumbuka. Kwa hiyo mtu wa hapa ukimwambia maji yanaweza kuja bila tone la mvua kichwani pake, hashangai.

Kule nilikuta jambo jingine. Ukishavuka Rohtang unaingia upande mkavu wa milima, mvua ni chache, nchi kama Bahi mwezi wa kumi ila ina baridi. Korongo za kule zinajazwa na jua. Usiku baridi inakamata theluji kule juu, maji yanakatika. Alfajiri unakuta kijito. Jua likipanda theluji inayeyuka, na maji yanatumia saa kadhaa kuteremka mpaka barabarani. Saa nane yamenona, saa kumi alasiri ni mto. Siku ya anga safi, siku ambayo wewe unasema leo ni siku ya safari, ndiyo siku yenyewe ya hatari. Wenyewe wana jina, pagal nala, maana yake korongo kichaa, na korongo zenye jina hilo ni zaidi ya moja. Mimi nadhani wamelionea. Lina ratiba kuliko mabasi ya mkoani.

Usiku wa kwanza tulilala Keylong. Mpunjabi akasema tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Mimi nikasema baridi, tunywe chai kwanza, halafu dumu langu likavuja, nikalitafutia kiraka. Tumeondoka saa tano. Njiani tukapiga picha. Saa tisa na nusu alasiri tuko kwenye korongo moja kabla ya kuianza Baralacha.

Tukakuta malori matatu yamesimama upande wetu. Injini zimezimwa. Madereva wamechuchumaa wanakunywa chai. Ndugu zangu, hiyo peke yake ilitosha. Mtu mwenye lori la magurudumu kumi amezima injini, na wewe mwenye magurudumu mawili unavua soksi uingie majini. Mpunjabi akasema tulale. Nikamwambia maji hayo hayafiki gotini.

Mnajua nilikuwa nafikiria nini? Hakuna abiria, hakuna bosi, hakuna hesabu, nimo likizoni. Lakini miaka miwili ya kijiweni ilikuwa imeniingia kwenye mifupa kwamba kusimama ni hasara. Nikiona watu wamesimama nilikuwa naona nafasi ya kupenya. Nikapenya.

Niliingia na gia ya kwanza, sawasawa kama tunavyovuka korongo hapa. Chini hakukuwa na mchanga. Kulikuwa na mawe ya mviringo, na yanatembea. Unayasikia kwenye usukani kabla hujayasikia kwa masikio, gugugu, gugugu. Katikati gurudumu la mbele likagonga jiwe kubwa, na mimi nikafanya kosa ambalo nimewakemea wanafunzi wangu wa gereji mara elfu: nikashika klachi. Moto ukapungua, eksozi iko chini ya maji, injini ikazima. Maji yakaisukuma Bullet ikalala, na mguu wangu wa kushoto ukabaki chini yake.

Maji yale saa chache nyuma yalikuwa barafu. Sikusikia maumivu. Sikusikia mguu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Walionitoa ni wale madereva wanywa chai. Walikuja na kamba, pamoja na vibarua watatu wa barabara. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenigombeza. Utingo mmoja alinifunga blanketi lake lililonuka dizeli, akaniletea chai yenye sukari nyingi, akarudi kukaa. Walikuwa wanasubiri asubuhi tangu mwanzo, na wakaendelea kusubiri.

Nisimamishe hadithi niseme neno la kifundi, maana mvua zikianza mtaniletea pikipiki za namna hii. Pikipiki ikinywa maji, usiiwashe. Najua kidole kinawasha. Maji hayabanwi kama hewa. Ukipiga kiki kwa nguvu au ukabonyeza selfu wakati silinda imejaa, unapinda konrodi, na bei yake mnaijua. Chomoa plagi kwanza. Piga kiki taratibu, maji yatatoka kwenye tundu kama chafya. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, mwaga. Kausha chujio la hewa. Halafu angalia oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwage, usijidanganye kwamba itajikausha yenyewe. Sisi tuliimwaga tukaweka oili ya lori tuliyopewa, na Bullet ikafika Leh nayo.

Tulilala kwenye hema la mama mmoja anayepikia wasafiri. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri nikaenda kulitazama korongo langu. Maji hayakufika hata kwenye ekseli. Kando ya mawe kuna barafu nyembamba kama kioo cha saa. Malori yamekwisha kupita. Nikavuka, nusu dakika, soksi kavu.

Watu wananiuliza kama nilishukuru. Nilikasirika. Nilikasirika siku nzima, kwa sababu tofauti kati ya kufa na soksi kavu ilikuwa saa kumi na tano tu, na saa hizo nilikuwa nazo bure mfukoni.

Mbele ya Sarchu kuna mahali panaitwa Gata Loops, kona 21 zilizopandana kama nyoka aliyekunjwa. Kwenye kona mojawapo kuna rundo la chupa za maji, mamia kwa mamia, na sigara. Wanasimulia kwamba zamani lori liliharibika pale wakati theluji inaanza. Dereva akaenda kutafuta msaada kwa miguu, utingo akabaki kulinda mzigo. Theluji ikafunga njia, na dereva aliporudi, utingo alikuwa amekufa kwa baridi na kiu. Baadaye wapita njia wakaanza kusema wanamwona mtu anaomba maji. Ndiyo maana wanamwachia. Mimi ni Mkristo, mambo ya mizimu siyasemei, lakini niliweka chupa. Nilimkumbuka yule aliyenipa blanketi. Tena jueni, katika nchi yenye hadithi za wafalme na miungu kila kilima, pale barabarani anayekumbukwa ni utingo.

Mtasema barabara ile ni mbovu kwa sababu imetelekezwa. Hapana, na hapa nataka niwe mkweli kwa watu wa kule. Kuna shirika lao linaloshughulikia barabara za mipakani, lipo tangu 1960. Theluji inaifunga njia ile kuanzia kama mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa tano hivi, na ikiondoka inaondoka na lami. Kila mwaka wanaianza upya. Wanaofanya kazi hiyo wengi ni vibarua kutoka Jharkhand, nchi ya joto huko mashariki, wamejifunga vitambaa usoni, wanachemsha lami kwenye pipa, wanapanga mawe kwa mkono, wanawake kwa wanaume, mahali ambapo mimi kufunga kamba ya kiatu nilikuwa nahema. Ukipita bila kupunguza mwendo unawamwagia vumbi. Tulijifunza kupunguza.

Shirika hilo hilo huandika mabango ya mashairi kando ya njia, ya kukataza ulevi na mwendo kasi, yenye vina. Moja linasema ukishakunywa wiski kuendesha ni hatari, na kwa Kiingereza lina vina kuliko nilivyolisema. Serikali yetu ina washairi wangapi? Tungewapa kazi.

Kupishana. Mlimani anayepanda ndiye mwenye haki, kwa sababu akisimama kuanza tena ni taabu. Anayeshuka anatafuta mahali papana, anangoja. Honi kule ni adabu, kila kona isiyoonekana unapiga moja fupi kama mtu anayebisha hodi. Kuna barabara nyingine, hiyo sijafika nimesoma tu, iko Bolivia, ya kuteremka kutoka juu ya La Paz kwenda Coroico, iliyochongwa miaka ya 1930 na mateka wa vita kutoka Paraguai. Ni nyembamba, mahali pengine kama mita tatu, na chini ni shimo. Bolivia wanaendesha kulia kama Marekani, lakini kwenye barabara ile sheria inageuzwa, wanapita kushoto, ili dereva aliye upande wa shimo aweze kutoa kichwa dirishani aone tairi lake linakanyaga wapi. Nilipenda sana jambo hilo. Nchi nzima ina sheria yake, na kipande kimoja cha mlima kikaruhusiwa kuwa na sheria ya kwake.

Nimemaliza upande wangu. Mwenyekiti ananionyesha saa, na leo siwezi kubishana na saa. (Kicheko.) Maswali?

(Yaliulizwa maswali kadhaa: bei ya kukodi, kama pale juu simu inashika, kama nilipata mchumba. La mwisho liliulizwa na kijana wa Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, na ndilo lililonifanya niandike haya.)

Kijana aliuliza hivi: "Kaka, nimekuelewa, nisubiri asubuhi. Mwaka huu nilibeba mama mwenye uchungu, saa nne usiku, korongo limejaa. Huyo naye nimwambie asubiri asubuhi?"

Ukumbi ulinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa sababu kule Himalaya nilikuwa mtalii, na mtalii hana uchungu wa kuzaa.

Nikamuuliza alifanyaje. Akasema alimwacha mama na ndugu zake kwenye nyumba ya karibu, akapima maji kwa fimbo, yakamfika kifuani, akarudi. Akampigia dereva mwenzake wa ng'ambo. Yule akaja na kamba na vijana wanne, wakamvusha mama juu ya kitanda cha kamba mahali maji yalipotanuka, mita kama mia mbili chini ya njia. Pikipiki yake ikalala upande huu, mama akaendelea na pikipiki ya upande ule.

"Alijifungua salama?"

"Alijifungua njiani. Wote wazima."

Nikamuuliza ana namba za madereva wangapi wa ng'ambo ya korongo. Akasema huyo mmoja tu, walisoma naye. Nikamwomba mwenyekiti aahirishe kufunga mkutano. Tukawaita mbele wote wanaofanya kazi njia za Kibakwe, Wota na Mpwapwa mjini, tukachana karatasi za daftari la mahudhurio, tukachora mstari katikati kuwa korongo. Upande wa kushoto waliandika watu saba. Upande wa kulia watano, na wa sita akasema simu yake imezima chaji, ataandika akifika kwa fundi.